Mafuta ya Ganda la Chungwa

Binti aliyekuwa akinikanda mabega alifungua kichupa cha mafuta ya chungwa. "Vuta pumzi, hii inatuliza." Nilivuta kwa utiifu wa mwanafunzi, viganja vikaanza kutoka jasho.

Harufu hiyo ilinirudisha utotoni: nilikuwa na miaka saba, nyuma ya pikapu iliyotoka Bungoma, nikipelekwa Kitale kutafutiwa nafasi shuleni. Kila kona kichefuchefu kilinipanda. Mama alinipa ganda la chungwa.

"Nusa hiyo, na usitapikie hiyo shati. Si unajua ni ya jirani?"

Nililibana puani hadi mlangoni kwa mwalimu mkuu. Hapo, kwa woga, nikalikunja kwa nguvu, na mafuta yake yakanirukia macho yote mawili. Niliingia nikitiririkwa machozi, sioni kitu.

"Ati unalia nini?" mwalimu mkuu aliuliza, kisha akamgeukia mama. "Nafasi zimejaa, mama. Lakini mtoto analilia shule hivi, nitamfukuza aje?"

Nilifungua mdomo nieleze. Mama alinifinya mgongoni.

Nilisoma pale miaka minane, na kila mwalimu mkuu alipopita dirishani, nilijua amekuja kunirudisha nyumbani.