Shule Haina Nyenzo

Nakumbuka vizuri siku moja kule Rudewa, mwanangu, nikiwa mwalimu kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na kiburi cha kuwatosha walimu watatu.

Nilikuwa nafundisha mashine rahisi. Darasa zima lilikariri: nyenzo ni gongo linalozunguka kwenye egemeo ili kurahisisha kazi. Mwanaidi, binti aliyependa kuuliza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tutoke nje tujaribu?"

"Kaa chini," nikamjibu. "Shule haina nyenzo."

Watoto wakacheka. Nafundisha nyenzo huku nasema sina nyenzo! Mimi sikuona cha kuchekesha, nikawaambia wanakili yaliyo ubaoni.

Mchana nikawatuma walewale wasogeze jiwe kubwa la figa jikoni mwa shule. Wakalisukuma kwa mikono mitupu. Jiwe likawarudia, likabana vidole vya Mwanaidi. Nikakimbia, tukalivuta sote huku binti analia, halikusogea. Ndipo akatoka Bi Sikudhani, mpishi wetu, ambaye watoto walikwisha kumsimulia kisa cha darasani, na mchi wa kutwangia. Akauchomeka chini ya jiwe, akauwekea kipande cha tofali, akaulalia mara moja tu. Jiwe likainuka.

"Mwalimu," akasema, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "mchi huu umeegemea ukuta tangu asubuhi. Nyenzo uliyokuwa unaingoja ingetoka wapi?"

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Siku hizi Mwanaidi anauza vitunguu Mikumi, pale yanaposimama malori. Nikipita hunipa shikamoo, kisha hunifungia vitunguu kwa taabu, maana vidole viwili havikunjiki. Hajanilaumu hata siku moja. Naitikia marahaba, na naona aibu, sikufichi. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuwa mtu mzima.

Sasa jana ulinipigia simu kusema kwamba shule uliyopangiwa kufundisha haina nyenzo. Mwanangu, chungulia jikoni kwanza. Tazama roda ya kisimani inayovutia ndoo, na ule ubao wanaopandishia magunia kwenye lori. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Waache watoto wainue mzigo kwa gongo kabla hawajaandika neno hata moja, na anayenyoosha mkono usimkalishe.

Nenda, Mungu akutangulie. Na kila mtoto utakayemfundisha amalize shule na vidole vyake kumi.