Afisa wa Vitanda

Kila Jumatatu afisa wa shirika la malezi huja nyumbani kwangu hapa Garissa kunishawishi niache kulea watoto kivyangu. Hubisha mlango kwa kalamu, hupitisha kidole dirishani, kisha hukinusa. "Mama, ukijiunga nasi utapewa vitanda," husema kwa sauti ya kutangaza msiba. "Mtoto halali sakafuni." Juzi, jua lilipomzidi, aliomba anyooshe mgongo kidogo. Akavua viatu, akajilaza mkekani katikati ya watoto, juu ya simiti niliyoimwagia maji ipoe, akakoroma hadi alasiri. Sabirin, wa miaka minne, akamfunika leso ili nzi wasimsumbue. Alipoamka, alama za mkeka zikiwa bado shavuni, alichukua fomu yake akaandika: "Hapa hapafai kulala."