Mutindi na Mdudu Kijiti

Tangu wamzike Kiema, mumewe, Mutindi alifundisha bayolojia kama mtu anayefagia ua: bila furaha, lakini bila kuacha takataka. Shuleni kwake, katika vilima vya Mbooni, aliwaonyesha wanafunzi mdudu kijiti aliyemtoa kwenye mpera. Wakamweka kundi moja na kivunjajungu kwa sababu ya umbo. Akawasahihisha. Umbo hudanganya, aliwaambia. Hata wataalamu wa zamani walimchanganya na panzi. Leo ana oda yake, yaani kundi lake mwenyewe katika uainishaji wa viumbe, na jamaa yake wa karibu ni mdudu mdogo anayefuma hariri kwa miguu ya mbele. Mababu zao waliishi zaidi ya miaka milioni mia moja iliyopita.

Maneno hayo yalifika kanisani kabla yake.

Jumamosi, Nzau, mzee wa kanisa, alimkuta akikata majani ya ng'ombe.

"Mwaitu, mama yangu, ng'ombe akimla mdudu huyo hufa, na wewe unamtafutia ukoo!"

"Ng'ombe wangu amewala wengi, mzee. Huyo hapo, anakupungia mkia."

Nzau alicheka, kisha akakohoa. "Wazazi wamelalamika kwamba hiyo miaka yako milioni inapinga uumbaji wa Mungu. Kesho simama useme ulikosea. Sema ni majonzi ya Kiema yaliyokuchanganya, watu wataelewa. Ukikataa, watoto wako wa shule ya Jumapili tutampa Katunge awafundishe badala yako."

Watoto hao ndio pekee waliokuwa wakimtoa nyumbani bila kusukumwa. Alijaribu kuogopa kuwapoteza, akakuta kifuani hamna kitu. Asiyehisi chochote anaweza kusema chochote, na uongo ungekuwa kazi ya dakika moja.

Kesho yake alisimama mbele ya waumini.

"Nina majonzi," alisema, "lakini sikuchanganyikiwa. Niliyofundisha najua ni kweli, na mbele za Mungu siwezi kuyaita uongo. Wala marehemu sitamfanya kisingizio."

Wapo walioita hicho kiburi. Lakini uongo unaosemwa kanisani ili mtu asipoteze nafasi yake ni dhambi, na anayeuomba ana fungu lake.

Katunge akawatoa watoto nje. Mmoja akageuka mlangoni. "Mwalimu, huji?"

"Siji. Nenda."

Mutindi akaketi, mikono mapajani, akingoja uchungu uje. Haukuja. Jioni alimkatia ng'ombe majani, akikung'uta kila tawi kwanza, wadudu wasije wakaliwa.