Harage la Saba

Jumla ya gharama ni hii: jino moja la mbele, la mdogo wangu, debe moja na nusu la ulezi, lililoliwa na kuku wa jirani siku wapuraji walipokwenda kutazama mchezo, na mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, wa binamu yetu wa ng'ambo ya mpaka. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza huwa nahesabu kwa ajili ya muuzaji, mara ya pili kwa ajili ya shetani.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala. Mimi nilikuwa nanunua maharagwe kwa wakulima na kuyauza Tunduma, kwa watu wa huku na wa kule. Wazazi wetu walikuwa wametangulia, wakaniachia mdogo wangu mmoja wa kiume, na mdogo wangu alikuwa amempenda msichana wa Ikinga, huko milimani Ileje. Baba wa msichana alitaka ng'ombe watatu. Sisi tulikuwa nao wawili: dume mmoja na mtamba.

Nilipanda mwenyewe kwenda kupunguza. Nimewahi kumshusha bei karani wa forodha, kwa hiyo nilikwenda nikiwa na matumaini. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha ugali, kisha akasema, "Binti yangu, hapa hatuuzi maharagwe." Nikateremka mlima na bei ileile ya ng'ombe watatu. Kabla sijaondoka alikuwa ameongeza kwamba kuna kijana mwingine ameshaulizia, na yeye angesubiri mpaka mavuno yaishe, basi.

Ndipo binamu yetu akaja likizo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mji wa migodi, akitunza majani ya uwanja ambapo Wazungu wanachezea kriketi. Kwanza alikuwa anafagia, kisha akawa anawaokotea mpira, kisha wakawa wanamwita awarushie ili wafanye mazoezi. Aliporudi alikuwa na mkono ambao sijauona tena. Ukimwekea sarafu chini, anakimbia hatua kumi na moja, mkono unazunguka juu umenyooka kama mchi, na mpira unaangukia sarafu. Nilihesabu: mara tisa kati ya kumi. Ile ya kumi niliiondoa sarafu mwenyewe, maana ilikuwa yangu.

Pale Tunduma kulikuwa na Mhindi mwenye duka aliyeupenda mchezo huo kuliko faida, jambo ambalo sijalielewa hadi leo. Alisikia habari za binamu, akatangaza mchezo: Tunduma na watu wa ng'ambo, kumi na mmoja kila upande, zamu ishirini kila upande. Zamu moja ni mipira sita ya mrushaji mmoja. Wanawe, makarani na madereva walijaza nafasi kumi. Ya kumi na moja akapewa mdogo wangu, kwa sababu alikuwa na mabega ya kupura ulezi.

Siku ya tatu ya mazoezi mdogo wangu alinijia nikipima maharagwe, akasimama kama mtu aliyevunja chungu.

"Dada, mimi na binamu tumewekeana dau."

"Mmewekeana nini?"

"Mtamba kwa mtamba."

"Mtamba upi?"

"Dada, si tunaye mmoja tu?"

Nikayamwaga maharagwe nikaanza kupima upya. Tunduma ikishinda, ng'ombe watakuwa watatu na mke amepata. Ikishindwa, tunabaki na dume mmoja, na msichana anakwenda kwa yule mwingine. Nilimwambia avunje. Akasema wamepeana mikono mbele ya watu. Kwetu mkono ukishatolewa mbele ya watu haurudi mfukoni.

Basi nikaenda nyuma ya duka kuona mali yetu iko mikononi mwa nani. Mhindi alikuwa anapiga kelele: "Gongo wima, bwana! Wima! Unapura nini hapo?" Kwa kweli mdogo wangu alikuwa anapura. Gongo, lile bao la kupigia mpira, lilipanda juu ya kichwa na kushuka ardhini, puu, kama vile tulivyofanya kwetu Msangano tangu utotoni. Mpira ulioangukia karibu na vidole vyake vya miguu hakuukosa hata mmoja. Lakini uliodunda ukaja kifuani ulimkuta amefumba macho. Kwenye ulezi hakuna punje inayokurukia usoni.

Nikamuuliza Mhindi, "Katika mchezo huu, ufundi una sehemu gani?"

"Robo tatu, mama."

"Na robo iliyobaki?"

"Ya Mungu."

"Mungu unampa robo tu?"

"Hiyo ni bei ya jumla," akasema. "Ukimpa zaidi, vijana hawafanyi mazoezi."

Siku ya mchezo walitandika magunia ya mkonge kwenye kiwanja cha Chapwa, wakayapigilia vigingi, wakasimamisha vijiti vitatu huku na vitatu kule; mpira ukiviangusha, mpigaji ametoka. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa kanisa, mtu ambaye pande zote mbili ziliamini kwamba hawezi kusema uongo hata akiwa usingizini. Habari ya mitamba hakuijua. Angeijua, angetuombea kwanza kisha angetufukuza. Alikuwa na vijiwe sita katika mfuko wa kushoto. Kila mpira ukirushwa, anahamisha kimoja kwenda mfuko wa kulia. Mimi nilikaa pembeni na kapu langu, na maharagwe kwenye mkunjo wa kitenge. Nilihesabu wachezaji wetu nikapata kumi na wawili. Nikarudia. Mmoja alikuwa mteja aliyesimama vibaya.

Sitawachosha na zamu kumi na tisa za kwanza. Zamu ya ishirini, ya mwisho, ilitukuta tunahitaji mbio tatu ili tushinde, kila mbio alama moja, tumebakiwa na wapigaji wawili: karani wa duka upande mmoja, na mdogo wangu mbele ya mrushaji. Mrushaji, binamu.

Nikaweka harage la kwanza kwenye kiganja.

Mpira ulikuja chini kabisa, kwenye vidole. Puu. Gongo likauziba. Hakuna mbio. Harage la pili: vilevile, na magunia yakatoa vumbi. Binamu akacheka. "Mdogo wangu, ulezi umekwisha, hayo sasa ni makapi!"

"Rusha, bwana," mdogo wangu akajibu. "Unaongea kama mtu anayeuza mtamba."

Nikamtazama mwalimu. Alikuwa anatazama vijiti.

La tatu, mdogo wangu alitaka kuumaliza mchezo kwa pigo moja. Akazunguka mzima, mpira ukapita katikati ya gongo na mguu, ukakosa vijiti kwa upana wa kidole. Mhindi alikaa chini vumbini na suruali yake nyeupe. "Wima," alisema, lakini safari hii kama mtu anayesali.

La nne binamu alirudi nyuma, akafikiri, akabadili. Mpira ulidunda nusu ya njia ukapanda. Nilisikia mlio kama wa kuvunja mfupa wa kuku. Mdogo wangu alipiga magoti, damu inatiririka kwenye kidevu. Binamu ndiye aliyemfikia wa kwanza. "Nisamehe, nisamehe, ndugu yangu, sikukusudia uso." Wote tukaingia uwanjani. Mwalimu alitoa leso kutoka mfuko wa kulia, akamfuta, kisha akainama pamoja na wengine kutafuta jino. Walilipata. Mdogo wangu alilitazama, akalitia mfukoni, akasema kwa mdomo uliokwisha kuvimba, "Niko." Akashika gongo.

Harage la tano. Akauzuia, safari hii wima, kama alivyofundishwa. Nadhani maumivu yalimnyoosha. Harage la sita. Chini kabisa, kwenye vidole. Puu. Mpira ukafa pale pale.

Imekwisha, nikasema moyoni. Mtamba amekwenda, na msichana naye. Nilihesabu yaliyo kiganjani: sita. Nikarudia kwa vidole vya mkono wa pili, ambavyo nilikuwa navikunja kila mpira, vitano vikaisha nikakunjua kimoja: sita.

Mwalimu akachunguza mifuko yake. Nilimwona. Aliingiza mkono kushoto, akatoa kijiwe kimoja, akakiangalia, akainua kidole. "Bado mmoja," akasema.

Wakati wa jino alikuwa hajakihamisha. Ni mimi tu niliyejua. Binamu alisita kidogo, akatazama damu kwenye magunia, na sidhani kama kichwa chake kilikuwa na hesabu yoyote. Mwalimu akisema bado, ni bado. Akarudi hatua zake kumi na moja.

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye nilikuwa nimemtoa mtu sokoni kwa sababu kibaba chake kilikuwa na kitako kinene. Kisha nikaufunga. Niliweka harage la saba kiganjani, taratibu.

Mpira ulikuja laini, wa mtu anayeogopa kuumiza. Mdogo wangu aliupiga ukapita kati ya watu wawili, ukavuka mpaka wa uwanja, ambako huhesabiwa bila kukimbia. Mbio nne, tumeshinda.

Kesho yake binamu alimleta mtamba mwenyewe, kwa kamba. "Dada, mkono wangu umenisaliti," alisema. "Mpira mmoja tu wa mwisho." Mpira wake alimpa karani, na sikumwona akirusha tena.

Mdogo wangu alioa. Anao watoto sita, nimewahesabu. Huwaambia kwamba ufundi wa kweli ni kupura. Mhindi, mpaka anahama, alisema ni gongo wima. Mimi najua ufundi wa siku ile ulikuwa wa binamu, na kwamba katika mipira sita ya haki hatukumpata hata mbio moja.

Sasa binamu amekuja tena, mzee, mkono unatetemeka akishika kikombe. Jana aliniuliza, "Dada, wewe unahesabu kila kitu. Ule mpira wa mwisho, nilikosea wapi?" Nikamwambia uji unapoa.

Yuko hapa kwangu mpaka Jumapili. Nikimwambia, wifi yangu wa Ikinga atajua kwamba theluthi ya mahari yake ilitoka kwenye mfuko wa mwalimu. Nisipomwambia, atavuka mpaka akidhani mkono wake ndio uliomwangusha. Na deni lenyewe sijui nilipime vipi: mtamba yule alizaa mara saba. Basi ninyi mnaosoma, nishaurini kabla ya Jumapili. Mithali sitaki, ninazo nyingi na hakuna hata moja yenye miguu minne. Niambieni tu: nimrudishie ng'ombe wangapi, na nianze kumweleza kutoka harage la ngapi?