Ukuta wa Sidonie

Marehemu Sidonie alikuwa na ugonjwa wa moyo. Nyumba yao hapa Nyamianda, ya mbao na mabati, ilikuwa kama tanuru. Mchana alihema mdomo wazi. Mumewe, fundi Nduwimana, ambaye sisi wa shirika, jumuiya ndogo ya kanisa, tunamwita Papa Mapendo, aliapa kumjengea chumba cha baridi kisichohitaji umeme wala mashine.

Alijenga kwa bloku zenye matundu. Matundu ya kwenye kona aliyatia vyuma na beto, yaani zege, nyumba isimame hata ardhi ikitikisika. Mengine alijaza makapi ya mpunga kutoka kwao Mutarule, yazuie joto la jua linalotokea upande wa ziwa. Majirani walicheka.

"Weye fundi, unalisha ukuta kama kuku?"

"Iko na njaa," aliwajibu. "Ikishiba, itakataa jua."

Kila jioni Sidonie alikuja polepole na kopo lake, akaumwagia ukuta maji ili simenti isipasuke. Kisha aliuegemezea shavu. "Mama Fabiola," aliniambia, "humu nitapata usingizi."

Siku ile Papa Mapendo alikuwa juu, anamwaga beto ya mwisho, ya kufunga kuta zote pamoja. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba ya zamani, nampepea Sidonie kwa kitenge. Pumzi zilipomkatika nikapiga kelele; mumewe alishuka mbio, simenti mikononi. Mkewe alikuwa ameshakata roho, chini ya yale mabati ya moto.

Ndugu walitaka kumlaza palepale tumwombee. Papa Mapendo akakataa. "Mumupeleke kwake."

Tukafunga turubai juu ya kuta mpya, tukatandika mkeka, tukamlaza. Tukiwa katikati ya rozari, nikamwona mumewe amesimama na lile kopo, anaumwagia ukuta maji. Baba yake mdogo akanong'ona kwa ukali:

"Nduwimana! Mwenye kufiwa hashiki kazi. Watu watasema nini?"

"Hii si kazi, baba. Minye niko namupa baridi yake."

Nikaweka rozari mfukoni, nikaenda kuchota maji. Wamama wengine wakafuata na mabeseni. Tulimwaga tukiimba, mpaka watu walipokuja kumchukua kwenda kumzika. Nilipoinama kumuaga, mkono wangu uligusa ukuta, pale karibu na kichwa chake. Ulikuwa baridi kweli, Mungu wangu, kama mumewe alivyomuahidi.