Vifungo Vinne Ukingoni mwa Sahani

Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi, na mtaa mzima ukafuata. Walijua anafundisha chuo kikuu. Anafundisha nini hasa, hapo wengi walishachoka kuuliza. Wifi yake tu, fundi cherehani aliyeishi naye tangu kaka yake afariki, ndiye aliyeendelea kuuliza kwa miaka tisa.

"Wifi, elektroni zako zimeamka leo?"

"Bado zimegoma."

Shangazi alichunguza kwa hesabu aina za madini ambamo elektroni zimesongamana mno, hata moja haisogei bila nyingine zote kuguswa. Ukizihesabu mojamoja unajidanganya. Sharti uzishike zote kwa pamoja. Alizipanga kwenye duara ndani ya kompyuta, akitafuta kama zinaweza kulegea zikapitisha umeme. Mwaka huu zililegea. Jarida likaikubali makala yake, itoke Ijumaa, na mkuu wa idara akampa mkono mbele ya watu.

Jumanne mchana wifi alisukuma gauni kando. "Nami nioneshe basi, nisife mjinga."

Shangazi akaleta sahani, akaomba vifungo vitatu. Wifi akachota bila kuangalia, vikatoka vinne. Haidhuru. Wakaweka alama za nafasi nane ukingoni, wakavipanga, kimoja kwenye ya nane, ya kwanza wakaiacha wazi.

"Elektroni ikimpita mwenzake kwenye foleni, hesabu nzima inageuka, jumlisha inakuwa toa. Ikiwapita wawili, inageuka mara mbili, inarudi ilivyokuwa."

"Zina maringo hizo!"

"Sasa huyu wa nafasi ya nane, duara likifunga, anaingia ya kwanza. Msogeze."

Wifi akamsogeza. "Kumbe kawaruka watatu wote. Tunageuza?"

Shangazi alibaki na kidole hewani. Kwenye programu yake, pale duara linapofunga, hakuigeuza hesabu hata mara moja. Aliijaribu kwa elektroni tatu, kisha tano, ikakubali. Na lazima ikubali, maana hapo anayevuka huwapita wawili au wanne. Makala yenyewe ilisimama juu ya elektroni nane, na hapo anayevuka huwapita saba.

"Nimeharibu nini, wifi?"

"Mimi ndiye niliyeharibu. Makala si kweli."

Wifi akaisogeza sahani kando. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi najua pindo na mifuko." Wifi akainamisha kichwa. "Watu wamekupa mkono, wifi yangu."

"Ungeshona mkono wa shati kinyume, ungempa mteja?"

"Ningemwambia avae koti."

Walicheka mpaka Shangazi akavua miwani. Alipoivaa tena alimwandikia mhariri mistari mitatu: kuna kosa, ni langu, naomba msiichapishe. Wifi alisimama nyuma ya kiti chake, mkono begani, mpaka barua ikaenda.

Jumamosi hesabu mpya ilikamilika. Elektroni hazikulegea hata kidogo. Aliyetokwa na machozi ni wifi.

"Miaka tisa, halafu zimekataa kabisa?"

"Kabisa." Shangazi alishachukua karatasi safi, anachora duara. "Sasa ndiyo nataka kujua kwa nini."

Wifi akajifuta kwa kipande cha bitana, akavuta kigoda.

"Haya, nieleze. Lakini polepole."