Pasheni Kwanza, Waridi Baadaye

Demetria hamuuzii mtu manukato papo hapo. Anakupaka tone mgongoni mwa mkono, halafu anakufukuza: kazunguke soko, fika mpaka kwenye dagaa, ukirudi ndiyo useme. Mchanganyiko wake mwenyewe wateja wameubatiza Jumapili. Ukiondoka unasikia pasheni na peasi, mpaka mate yanakujaa. Ukifika kwenye dagaa tunda limepungua, waridi na asumini vimeshika nafasi. Jioni ukivua gauni, msandali umebaki kwenye kola, mpole. Mie nauza ndoo na mabeseni meza ya jirani hapa Temeke, mwaka wa kumi na moja sasa, na hiyo Jumapili sijaichoka.

Chupa zake kubwa hazikuwa na majina. Alikuja kutoka Bukoba akitamba kwamba kuandika ni kwa wasiojua kunusa, na maringo hayo niliyavumilia. Lakini tangu mafua makali ya mwezi wa saba alipoa. Akawa mtu wa kukaa kimya, macho yamechoka, ukimuuliza anasingizia presha.

Jumamosi iliyopita alikwenda zahanati, nikamwangalizia meza. Mie vumbi silivumilii. Nikafuta chupa zote, nikazipanga upya, ndefu nyuma, fupi mbele, nikajiona nimefanya la maana.

Aliporudi tu akaja Bupe, mwalimu wa Chang'ombe, anayeagwa kwao wiki hii kabla ya ndoa. Alitaka Jumapili ya kumtosha yeye, mama yake na dada zake. Demetria akavuta mafuta kwa bomba la sindano, chupa ya kwanza kushoto, kisha ya tatu, kama alivyozoea. Akampaka. Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo na nikasikia udi mtupu, ule mzito wa kufukizia nyumba. Demetria akauvuta ule mkono puani kwake, akafumba macho, akanusa.

"Pasheni hiyo," akamwambia. "Na peasi kwa mbali. Kazunguke, mwanangu, ukirudi utakuta waridi."

Bupe amelelewa vizuri. Alitabasamu, akasema ahsante mama, akaenda zake. Demetria alilitazama lile tabasamu akaridhika.

Nilijichukia. Nikinyamaza, mtoto wa watu ataagwa ananukia udi, na jina la Demetria litakuwa limekwisha soko zima. Nikamwambia ukweli: chupa nimezihamisha mie, na ulichonusa sasa hivi ni udi.

Hakubisha. Alikaa kwenye ndoo yangu moja niliyoipindua.

"Sisikii kitu tangu mwezi wa saba, mama Jesca," akasema. "Nawaangaliaga nyuso tu. Nimechoka kuangalia nyuso."

Tukaumwaga ule mchanganyiko. Nikanusa chupa moja moja, hii tunda, hii ua, naye akaziandika majina kwenye vipande vya plasta, mwandiko umepinda. Bupe aliporudi, Demetria alimweleza mwenyewe kwamba pua yake imekufa, akampaka mkono wa pili, akamwomba azunguke tena. Alizunguka bila kununa. Aliporudi alikuwa ananusa mkono njia nzima, akachukua chupa sita.

Jioni tukifunga meza nilidhani yameisha. Demetria akanishika mkono, hanitazami.

"Na mie je, nanuka?"

Ndipo nilipojua kwa nini siku hizi anaoga mara tatu, kwa nini kanisani anakaa benchi la mwisho peke yake, na kwa nini hajipaki tena manukato yake, kwa kuogopa kuzidisha. Niliumia. Nikainama nikamnusa shingoni, kama tunavyonusa watoto.

"Sabuni ya mche," nikamwambia. "Na jasho kidogo la leo."

"La leo tu?"

"La leo tu."

Akakaa tena kwenye ile ndoo, akalia mpaka mlinzi wa soko akaja kutuuliza kama tumeibiwa.